Keki inayoumuka bila hamira

Wiki ya Pasaka ya Wayahudi nilikaribishwa keki katika nyumba moja hapa Nairobi. Kipande nilichokatiwa kilikuwa kimeumuka vidole vinne. Sasa, yeyote aliyesoma kitabu cha Kutoka anajua kwamba juma hilo chachu haikai ndani ya nyumba. Imeinuliwa na nini? Swali lilinikera hadi nikarudi kumtafuta aliyeioka.

Ni mama wa makamo kutoka Vihiga, Mkristo, aliyeanza kuipikia familia hiyo watoto wake wakiwa bado chekechea. Aliniomba nisimtaje jina.

"Nawa mikono, usimame hapa, uangalie," akaniambia.

Kila yai hulivunja peke yake ndani ya glasi, kisha huiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Yai lenye doa la damu hutupwa. Lililo safi hutenganishwa, ute bakuli hili, kiini bakuli lile, mpaka yatimie tisa. "Tone moja la kiini likiingia kwenye ute, mwanangu, umepoteza. Utapiga mpaka jioni na hautashika." Akaupiga ute huku akitia sukari kidogo kidogo. Povu likawa jeupe, zito, linang'aa. Akalipindua bakuli, na hakuna kilichodondoka.

Viini akavichanganya na maji ya chungwa na maganda yake yaliyokwaruzwa, wanga wa viazi, na unga wa matza, ule mkate mkavu wa Pasaka ambao hauruhusiwi kupita dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi uokwe. Matza ikishaiva haichachi tena, ndiyo maana inaweza kusagwa ikapikiwa vingine. Siagi hakuna, kwani usiku huo mezani kuna nyama, na nyama haikutani na maziwa. Kisha akauingiza ute kwa mwiko, akigeuza kutoka chini kuja juu, polepole mno, kama anayefunika mtoto aliyelala.

Oveni hakuiwasha yeye. Huwashwa na mwenye nyumba, ndivyo sheria yao inavyotaka. "Mimi natia na kutoa."

Keki ilipotoka, mama aliipindua ikiwa bado ndani ya chombo, akalichomeka bomba la katikati kwenye shingo ya chupa tupu ya divai. Ikabaki imening'inia kichwa chini. "Ukiiacha imekaa, itashuka yote. Imeshikwa na hewa peke yake. Ipoe kwanza ndiyo ijitegemee."

Nikamwuliza: ikiwa mkate wa kuumuka ni haramu, mbona hewa hii inaruhusiwa?

"Kuumuka si kosa," akajibu bila kusita. "Kosa ni nafaka kukaa na maji mpaka ichache. Yai lina ngano gani?"

Nimewasikia wasomi wakilieleza jambo hili kwa muda mrefu zaidi na nisielewe.

Wayahudi wa Nairobi ni wachache. Mpango wa Waingereza wa 1903 wa kuwapa makazi Uasin Gishu ulikataliwa 1905, lakini waliokuja kwa njia zao walibaki, na sinagogi la kwanza la mji liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1912. Katika nyumba hii wanafuata desturi ya Ulaya Mashariki: kwa siku nane hawali hata mchele, maharagwe wala mahindi. Ugali wake mama hupikia kwake, nyuma ya nyumba.

Ila binti wa nyumba anaishi Marekani, na huko tangu 2015 marabi wa mkondo wake wameruhusu mchele. Mwaka huu amekuja na familia yake, na wanae wamezoea kula wali wakati wa Pasaka. Mama yake hataki kuuona mezani.

"Kila mmoja ameniambia lake," mpishi akasema, akiendelea kuosha mwiko. "Nimewauliza wakiwa pamoja nipike au nisipike. Mpaka sasa sijajibiwa, na wageni wanafika saa moja."