Vikoa Vinavyouliza Ustahiki

Mtu atakaye jina la tovuti liishialo kwa .com haulizwi mengi: hueleza ni nani na anapatikana wapi, hulipa ada, na ikiwa hakuna aliyemtangulia, jina huwa lake maadamu hapuuzi malipo yake. Lakini akitaka liishialo kwa .us, ambacho ndicho kikoa cha Marekani, atakuta maswali mawili zaidi, yasiyohusiana hata kidogo na ufundi wa kompyuta: ana fungamano gani na nchi ile, na jina hilo analitaka kwa shughuli gani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa alama fupi. C11 ni raia. C12 ni mkaazi wa kudumu. C21 ni kampuni au jumuiya iliyoundwa kwa sheria za Marekani. C31 ni ya kigeni ifanyayo huko shughuli halali mara kwa mara, nayo hulazimika kutaja nchi yake. Na C32 ni ya kigeni yenye ofisi au jengo huko. La pili lina alama P1 hadi P5, tangu biashara ya faida hadi kazi za serikali. Majibu hayo hupelekwa na wakala wa usajili hadi kwenye daftari kuu la kikoa kwa itifaki iitwayo EPP, iliyobuniwa makusudi iweze kupanuliwa, ili kila kikoa kidai maelezo yake ya ziada pasina kuvivuruga vingine.

Mfumo wenyewe wa majina, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hautambui uraia wala nasaba. Seva ikiulizwa jina, hutoa namba ya kompyuta inayohusika, basi. Ustahiki wote umo katika daftari na katika amana ya walishikao. Jon Postel, katika waraka wake wa mwaka 1994, aliwaita wasimamizi wa vikoa vya nchi wadhamini, wenye wajibu kwa taifa lao na kwa jumuiya nzima ya intaneti, na mimi naona neno lile ndilo asili ya masharti haya yote.

Uzito wa masharti hayo ulidhihirika Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya. Kikoa cha .eu, kilichofunguliwa kwa umma mwaka 2006, ni cha raia, wakaazi na taasisi za Umoja huo pamoja na nchi chache zilizoungana nao kiuchumi; hivyo Januari 2021 ilipoingia, majina takriban 80,000 yaliyosajiliwa kwa anwani za Uingereza yalisimamishwa, tovuti na barua pepe zake zikanyamaza, ingawa hakuna waya uliokatika wala seva iliyoharibika. Mfaransa akaaye London aliweza kubaki na jina lake kwa kuthibitisha uraia wake, ilhali jirani yake Mwingereza, asiye na uraia mwingine, alilipoteza.

Si vikoa vyote vichunguzavyo kwa ukali mmoja. .edu, ambayo tangu 2001 husimamiwa na EDUCAUSE, hudai ithibati rasmi ya chuo cha Marekani kabla ya kutoa jina. Vingine huridhika na tamko la mwombaji, na uchunguzi huja baada ya lalamiko. Katika upenyo huo wamezuka wauzaji wa ukaazi wa kuazima, ambao huandikisha jina kwa anwani yao kwa niaba ya mteja asiyestahiki. Biashara hiyo naichukia, kwani humdhuru mteja mwenyewe: mbele ya daftari, mwenye jina ni yule aliyeandikwa.

Kwetu pia, mwananchi afunguapo tovuti ya .go.tz au ya .ac.ke hutumaini kwamba nyuma yake ipo serikali kweli, au chuo kweli. Kwa hiyo, msomaji utakayejaza fomu kama hizi, andika fungamano ulilo nalo kwa haki, weka hati zake karibu, na hali yako ikibadilika mwarifu wakala wako mapema, kabla daftari halijakuuliza.