Usalama wa Boti Ndogo (3): Kamba Nyekundu

Juma lililopita tulimaliza habari ya petroli na tangi. Leo twende tezi, anapokaa nahodha, tuitazame kamba nyekundu iliyojikunja mfano wa waya wa simu za zamani. Kwenye boti nyingi zinazovuka kati ya Mokowe na Lamu utaiona inaning'inia tu. Wengine wameitupa, pale kwenye injini kinapochomekwa kibanio chake wamefunga uzi wa nailoni ili injini iwake.

Nahodha aliyejifunga kamba akirushwa, kibanio huchomoka na injini huzimika papo hapo. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Wengi hudhani ni kifaa cha siku za kusi kali, kumbe nahodha aweza kurushwa majini bahari ikiwa shwari: omo imegonga gogo, au wimbi la boti nyingine limemkuta amesimama. Akiuachia mkono wa injini, nguvu ya propela huivuta injini upande mmoja. Boti haiendi zake. Huzunguka, na duara lile huileta propela palepale alipo aliyeanguka. Mei 2013, huko Padstow, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa yote majini. Kamba haikuwa imefungwa. Boti ikawarudia, wawili wakafa. Marekani, tangu Aprili 2021, sheria inamtaka nahodha wa boti ndogo zenye kifaa hiki ajifunge anapokwenda kasi.

Jifunge pajani au kwenye jaketi okozi. Kifundo cha mkono sikipendi, kwani mkono una kazi nyingi. Kabla ya kung'oa nanga, washa injini kisha ichomoe kamba. Isipozimika, safari haipo. Weka na kamba ya akiba, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: nahodha akianguka nayo, waliobaki watawashaje injini wamfuate? Abiria mmoja aonyeshwe mapema inavyochomekwa.

Akianguka abiria kulia, geuza omo kulia, yaani sukuma mkono wa injini kushoto, tezi itamwepuka. Punguza mwendo, zunguka, mwendee polepole omo ikielekea upepo. Akifika ubavuni, zima kabisa. Kutoa gia hakutoshi, maana katika purukushani za kumvuta, goti la mtu laweza kuirudisha.

Juma lijalo: maji kupwa na hatari za mkondo wa Mkanda.