Athari za Tuzo na Motisha katika Utendaji na Ujifunzaji wa Stadi za Mwendo

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii huichukulia tuzo kuwa jambo linalofuata baada ya kazi njema. Makala haya yanashughulikia swali linalotangulia hapo: je, ahadi ya pete hukifanya chanda kuwa chema zaidi, au hukitetemesha? Swali hili linawahusu walimu wa michezo, wakufunzi wa ufundi na wataalamu wa tiba ya viungo, ambao hutumia sifa, alama au fedha kuwahimiza wanaowahudumia.

Stadi za mwendo ni uwezo wa kuratibu misuli unaopatikana kwa mazoezi, kama vile kushona, kuandika au kupiga mpira. Ni muhimu kutofautisha utendaji, yaani kiwango kinachoonekana wakati wa zoezi, na ujifunzaji, yaani kile kinachobaki baada ya muda kupita. Mambo haya mawili yakichanganywa, matokeo ya tafiti huonekana kupingana.

Tukianza na ujifunzaji, Abe na wenzake (2011) waliwafunza washiriki kudhibiti nguvu ya kubana kwa vidole. Kundi moja lilipata fedha kwa kufanya vizuri, la pili lilipoteza fedha kwa kukosea, na la tatu halikuwekewa tuzo wala adhabu ya namna hiyo. Siku 30 baadaye, kundi la tuzo ndilo lililohifadhi stadi vizuri zaidi. Galea na wenzake (2015) nao walibaini kuwa adhabu iliharakisha urekebishaji wa mwendo wa mkono, ilhali tuzo iliimarisha uhifadhi wake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi yanahusu dopamini. Schultz na wenzake walionesha kwamba seli za dopamini huitikia zaidi tuzo inayozidi matarajio kuliko tuzo iliyokwisha kutarajiwa.

Kwa upande wa utendaji, hali ni tofauti. Ariely na wenzake (2009) waliwapa wanavijiji nchini India michezo kadhaa, baadhi yake ikihitaji wepesi wa mikono. Walioahidiwa tuzo kubwa kabisa ndio waliofanya vibaya zaidi kwa jumla. Baumeister (1984) na baadaye Beilock na Carr (2001) walilieleza tatizo hili kwa kurejelea umakini: chini ya shinikizo, mtendaji huanza kuzichunguza hatua ambazo mwili wake umekwisha kuzizoea, na kwa kufanya hivyo huuvuruga mtiririko wake. Kwa hiyo, anayeathirika zaidi kwa njia hii ni fundi mzoefu, kwa kuwa anayeanza bado anahitaji kuzifikiria hatua hizo.

Hoja inayojitokeza ni kwamba mkufunzi anayeipima mbinu yake kwa alama za siku hiyohiyo anaweza kuipendelea adhabu, kwa sababu matokeo yake huonekana haraka, na hivyo kumnyima mwanafunzi kile ambacho angebaki nacho. Makala haya yanapendekeza tuzo ndogo wakati wa mazoezi, shinikizo liongezwe hatua kwa hatua kabla ya mtihani au shindano, na kipimo kirudiwe baada ya siku kadhaa. Aidha, kwa kuwa tafiti za uhifadhi zilizorejelewa zilitumia kazi za maabara, mapendekezo haya yanastahili kujaribiwa katika karakana na viwanja vya michezo.