Mosel: Miteremko inayolipa pale tu jina la shamba linapolindwa

Mkulima wa zabibu katika bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, hawezi kushindana kwa bei ya chini. Mwenzake wa tambarare hupitisha trekta na mashine ya kuvunia. Yeye hupanda mlima kwa miguu, mkasi mkononi, na kazi ya hekta moja humchukua saa nyingi mara kadhaa zaidi. Bonde hilo lilipojaribu kuuza kwa wingi na kwa rahisi, lilipoteza sehemu kubwa ya mashamba yake.

Mosel huanzia Ufaransa, hupita mpakani mwa Luxembourg na Ujerumani, kisha hupinda-pinda hadi mjini Koblenz, ambako huingia katika mto Rhine. Mizabibu imelimwa huko tangu enzi za Warumi. Katika mlima Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, mteremko hufikia nyuzi 65, na ni miongoni mwa mikali zaidi inayolimwa zabibu barani Ulaya.

Kuna sababu ya kuhangaika huko juu. Bonde liko takriban nyuzi 50 kaskazini mwa Ikweta, mahali ambapo zabibu huiva kwa shida. Mteremko unaotazama kusini hupata jua vizuri, na mawe bapa ya sleti yaliyojaa shambani hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Zabibu aina ya Riesling huiva hapo polepole hadi Oktoba, au hata Novemba. Kuiva kwa taratibu huacha uchachu na utamu pamoja. Ndiyo maana mvinyo mweupe wa Mosel ni mwepesi, mwingine una kilevi cha asilimia 8 tu, na ulio bora hukaa miongo kadhaa bila kuharibika.

Ubora huo ulisimamiwa. Mwaka 1787, Clemens Wenceslaus, Askofu Mkuu na mtawala wa Trier, aliamuru mizabibu duni ing'olewe na ipandwe iliyo bora, hatua iliyosaidia Riesling kuenea. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, mvinyo bora wa Mosel ulifikia bei za mivinyo mashuhuri ya Ufaransa.

Jina lilipouzwa rahisi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo kilipanuliwa hadi kwenye tambarare, ikapandwa Müller-Thurgau, zabibu inayozaa sana na kuiva mapema. Sheria ya mvinyo ya mwaka 1971 ilipanga madaraja kwa kupima sukari iliyomo katika juisi ya zabibu, bila kujali zilivunwa mteremkoni au tambarare. Tena iliruhusu jina moja kubeba mashamba ya vijiji kadhaa.

Kijiji cha Piesport ni mfano mzuri. Goldtröpfchen ni mteremko wake maarufu. Lakini Piesporter Michelsberg ni jina linalokusanya mashamba ya eneo pana, pamoja na ya tambarare. Mnunuzi wa ng'ambo aliona neno Piesporter tu, akadhani ni kitu kilekile. Mvinyo mtamu wa bei poa ukajaa madukani, na sifa ya bonde zima ikashuka.

Aliyeumia zaidi ni mkulima mdogo aliyeuzia wafanyabiashara kwa pipa. Pipa la asili la Mosel, liitwalo Fuder, hubeba takriban lita 1,000. Bei yake ilifuata soko la mvinyo wa wingi, ilhali gharama zake zilikuwa za mlimani. Isitoshe, desturi ya kugawia warithi wote ardhi iliziachia familia vipande vidogo vilivyotawanyika. Vijana wengi wakatafuta kazi nyingine na miteremko ikaota vichaka. Eneo la mizabibu, lililozidi hekta 12,000 mwishoni mwa karne ya 20, sasa liko chini ya hekta 9,000.

Waliobaki wamefanya nini?

Wengi waliosimama imara ni wale wanaotia mvinyo chupani wenyewe, wakaandika jina la mteremko na kumuuzia mnywaji moja kwa moja, wakiwamo watalii. Baadhi wamefunga reli ndogo zinazopandisha watu na mizigo mlimani. Chama cha Grosser Ring, kilichoanzishwa mwaka 1908, huendesha mnada mjini Trier. Hapo, mwaka 2015, mvinyo mtamu wa mavuno ya 2003 kutoka shamba la Scharzhofberg la Egon Müller uliuzwa kwa euro 12,000 kila chupa, kabla ya kodi.

Bei hiyo ni ya nadra, na mkulima wa kawaida haioni. Yeye bado anatafuta vibarua wa mavuno, wengi kutoka Poland na Romania, na hali ya hewa haimwachi. Aprili 2024 baridi kali iliunguza machipukizi katika mabonde jirani ya Saar na Ruwer.

Hata hivyo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameanza kutoa uzito zaidi kwa mahali zabibu zilikotoka. Kwa mwenye shamba la mteremko hiyo ni habari njema, kwani gharama za mlimani hurudi pale tu mnunuzi anapoweza kuutofautisha mvinyo wa mlimani na ule wa tambarare.