Koo la Kinanda, Mdomo wa Mwimbaji

Mtu akinong'ona neno "mhogo" sikioni mwa mwenzake, nyuzi za sauti kooni hazitetemeki, lakini neno linafika salama. Kumbe koo hutoa mlio tu. Vinavyoufanya mlio kuwa neno ni ulimi, meno na midomo. Vokoda, efekti iliyomo siku hizi katika programu nyingi za kutengenezea muziki, inasimama juu ya jambo hilo. Humpumzisha mwimbaji koo lake, kazi ya koo ikapewa kinanda, mdomo ukabaki wake. Ndiyo maana si sawa kuiita otochuni, kama wasikilizaji wengi wa Bongo Fleva wanavyoita kila sauti yenye mlio wa bati. Otochuni, iliyotoka mwaka 1997, huisukuma sauti yako hadi noti iliyo karibu. Koo ni lako bado, limenyooshwa tu.

Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alianza kuishughulikia vokoda mwaka 1928, wala hakuwa akiwaza muziki. Alitaka mazungumzo ya simu yapite kwenye waya kwa nafasi ndogo. Mtambo wake uliigawa sauti katika mafungu ya masafa, kuanzia mazito hadi membamba, ukapima jinsi nguvu ya kila fungu inavyopanda na kushuka. Upande wa pili vipimo hivyo vikafungua na kufunga mafungu yale yale katika mlio wa mashine. Mwaka 1943, vita vikiendelea, njia hiyo ilitumika kuficha simu za wakubwa kati ya Washington na London, kwa mtambo wa zaidi ya tani 50. Leo prodyuza aliyeko Malolo, au kokote Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, akiwa na kompyuta ndogo, maiki na FL Studio, anaikuta kazi hiyo hiyo ndani ya Vocodex: njia moja aingize sauti, nyingine kinanda.

Wanaoidharau husema ni kinyago cha wasiojua kuimba. Ni kweli, noti za kinanda humwokoa mwenye sauti mbovu. Ila hazimwokoi anayemeza maneno, maana mdomo usiotamka huzaa mvumo mtupu. Nionavyo mimi, vokoda inamdai prodyuza ajue lugha anayorekodi inakaa wapi zaidi, kooni au mdomoni. Kiswahili kinakaa mdomoni kwa sehemu kubwa, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, ambazo efekti hii huzichora vizuri. Hata hivyo kina mitego yake. F na v hutamkwa kwa midomo na meno vilevile; kinachozitenganisha ni koo kutetemeka. Sasa koo likiwa kinanda kisichonyamaza, "anafua" hugeuka "anavua", na mama aliyekuwa na beseni la nguo anajikuta baharini. Dawa yake ni kuchanganya mchakacho wa hewa katika mlio wa kinanda, au kurudisha kidogo yale masafa membamba ya sauti halisi. Swali nalo hupotea. "Amekwenda Nachingwea?" na "Amekwenda Nachingwea" hutenganishwa na mpando wa sauti peke yake, na mpando ndio ulionyang'anywa. Hapo mtunzi aongeze "je", mambo yakae sawa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye lugha za jirani. Kimakonde na Kiyao, tofauti na Kiswahili, ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Je, vokoda haiziharibu? Inaziharibu, ikitumika kwa mazoea ya kubonyeza akordi moja na kuiacha ikae mstari mzima, silabi zote zikalala kwenye kimo kimoja. Lakini kosa hilo ni la vidole. Kinanda kilichopewa koo kinaweza kupanda pale neno linapopanda, mradi mpigaji alisikilize kwanza likisemwa bila muziki, kisha apige kibao kimoja kwa kila silabi, na akordi izisubiri zile irabu ndefu za mwisho wa mstari.