Utambuzi wa Chanzo cha Kumisi kwa Injini ya Pikipiki Iliyotumika Baada ya Kuhifadhiwa kwa Muda Mrefu: Mifano kutoka Bukoba na Muleba, Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua chanzo cha kumisi kwa injini ya pikipiki ya silinda moja iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na ambayo imekaa miezi au miaka bila kuwashwa. Hoja inayojengwa ni kwamba pikipiki ya aina hiyo hubeba ushahidi wa tatizo lake ndani ya tangi, bakuli la kabureta, plagi na oili, na kwamba ushahidi huo hupotea katika dakika za kwanza za kuiwasha au kuisafisha. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa hatua za uchunguzi una uzito kuliko wingi wa spea zinazobadilishwa.

1.0 Utangulizi

Katika wilaya za Bukoba na Muleba pikipiki ni chombo cha kubeba abiria, ndizi, kahawa na wagonjwa. Vijana wengi wanaoingia katika kazi ya bodaboda hawana uwezo wa kununua pikipiki mpya. Hununua iliyotumika kwa fedha za mauzo ya kahawa, kwa mkopo wa kikundi, au kwa mkataba wa kumlipa mwenye chombo hesabu ya kila wiki. Miongoni mwa pikipiki zinazouzwa kwa bei nafuu zimo zilizokaa muda mrefu: ya marehemu iliyosubiri shauri la mirathi, ya mfanyakazi aliyehamishwa, au iliyolala katika uwanja wa kituo cha polisi hadi siku ya mnada.

Pikipiki hiyo huwaka baada ya kupigwa kiki mara nyingi, kisha humisi. Hapo ndipo gharama isiyoonekana katika bei ya ununuzi inapoanza. Plagi hubadilishwa, kisha koili, kisha kifaa cha CDI, kisha kabureta nzima, na kila mara mnunuzi huambiwa ajaribu kwanza. Wakati huo hesabu ya wiki haisimami. Aidha, injini inayokatika mlimani katika barabara ya Bukoba hadi Muleba, nyuma kukiwa na lori na juu ya kiti kukiwa na mgonjwa anayepelekwa Rubya au Ndolage, ni hatari kwa maisha.

2.0 Dhana ya kumisi

Neno kumisi limetoholewa kutoka Kiingereza na limekwisha kuzoeleka katika gereji za Tanzania. Katika makala haya linatumika kwa maana finyu: kukosekana kwa mwako katika mzunguko mmoja au kadhaa ilhali injini inaendelea kuzunguka. Maana hiyo inahitaji kuwekwa bayana, kwa kuwa wenye pikipiki hulitumia pia kwa injini inayozima kabisa na kwa injini isiyokuwa na nguvu. Swali la kwanza la fundi, basi, ni kuhusu wakati: inamisi lini? Ikiwa baridi au imepata moto? Eksileta ikifunguliwa kidogo au yote? Kwenye tambarare au kwenye mlima?

Katika gari la silinda nne, fundi huweza kuchomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine na kulinganisha silinda mbovu na nzima. Pikipiki ya silinda moja, iwe Boxer, TVS au mojawapo ya nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, haina cha kulinganishwa nacho. Injini hizi ni za mipigo minne, na mwako hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, miako ni 1,500, yaani 25 kwa sekunde. Ukikosekana mmoja katika kila kumi, mwendeshaji hasikii ukimya. Huhisi mtikisiko tu, na mtikisiko hausemi umetokana na mafuta, umeme au valvu.

3.0 Athari za kuhifadhiwa katika mazingira ya Ziwa Viktoria

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, kiwango kikubwa miongoni mwa miji ya Tanzania. Hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima, na jambo hili ndilo linaloitofautisha pikipiki iliyolala Bukoba na iliyolala Dodoma. Tangi lililoachwa nusu hupumua: mchana hewa iliyomo hutanuka na kutoka; usiku hupoa, na hewa yenye unyevu huingia. Unyevu huo huganda kuwa matone kwenye bati lililo juu ya usawa wa petroli, na kutu huanzia hapo. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini ya tangi na hatimaye katika bakuli la kabureta.

Petroli nayo hubadilika. Sehemu zake nyepesi, zile zinazorahisisha kuwaka kwa injini baridi, huvukiza kwanza. Sehemu zinazobaki huungana na oksijeni na kufanya utomvu wa rangi ya kahawia. Utomvu huo huziba kwanza tundu dogo kuliko yote, yaani jeti ndogo ya kabureta, ambayo upana wake haufiki nusu milimita. Hii ndiyo sababu pikipiki iliyolala mara nyingi hukubali kwenda kwa kasi lakini hukataa kutulia katika mzunguko wa chini ambao mafundi huuita sailensa.

Viumbe navyo vina sehemu yao. Panya hutaga vitambaa na majani katika sanduku la chujio la hewa na kutafuna nyaya. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya ekzosi na katika mirija ya kupumulia. Ni mambo madogo, lakini yamewahi kugharimu kabureta zisizokuwa na kosa lolote.

Sababu moja inayotajwa mara kwa mara inafaa kuondolewa mapema, nayo ni mwinuko wa mahali. Bukoba iko takribani mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa kiasi cha asilimia 13 ikilinganishwa na pwani. Upungufu huo hupunguza nguvu na kuongeza kidogo uwiano wa mafuta, lakini hauwezi peke yake kuifanya injini nzima imisi.

4.0 Kusoma kabla ya kusafisha

Mazoea ni kuimwaga petroli ya zamani chini, kujaza mpya na kupiga kiki. Kwa maoni ya mwandishi, mazoea hayo ndiyo yanayoharibu uchunguzi zaidi kuliko kosa jingine lolote. Petroli ya bakuli la kabureta ikingwe kwanza katika chupa angavu na kuachwa itulie. Maji yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana. Chembe nyekundu zinaonesha kutu ya tangi, na zinatabiri kosa jingine: sindano ya boya isiyofunga, kabureta inayofurika, na petroli inayoteremka hadi kwenye oili. Mafuta ya taa hayajitengi namna hiyo. Dalili yake ni tone linalochelewa kukauka kwenye karatasi na kuacha doa la ungio. Uchakachuaji wa aina hii ulikuwa tatizo kubwa kiasi cha EWURA kuanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara ana sababu ya kufanya jaribio hili hata kwa petroli anayoiita mpya.

Kinachofuata ni plagi. Plagi ya zamani isitupwe, kwa kuwa rangi yake ni taarifa ya jinsi injini ilivyokuwa kabla ya kuachwa. Masizi makavu meusi huashiria mafuta mengi au hewa kidogo. Weupe huashiria hewa nyingi. Oili huashiria ringi au mpira wa valvu. Mnunuzi anayeikuta plagi mpya inayong'aa katika pikipiki yenye vumbi la miaka miwili anapaswa kujiuliza ni nani aliyeibadilisha, na alikuwa akitafuta nini.

Oili hukaguliwa pia kabla ya kiki ya kwanza. Ikiwa na rangi ya maziwa, ina maji. Ikinuka petroli na kupanda juu ya alama, boya lilivuja. Katika hali zote mbili injini isiwashwe kabla ya kumwagwa. Matone machache ya oili safi hutiwa kupitia tundu la plagi, kisha injini huzungushwa polepole ili ringi zisikwaruze silinda kavu.

5.0 Kuitenganisha mifumo injini ikiwa inafanya kazi

Baada ya kabureta kusafishwa na petroli safi kutiwa, kumisi kunakobaki huchunguzwa kwa kuangalia kunafuata nini. Alama ya utepe huwekwa kwenye mshiko wa eksileta ili ufunguzi wake uonekane. Jeti ndogo hutawala sailensa na mwanzo wa ufunguzi, hadi karibu sehemu moja ya nane. Sindano hutawala katikati. Jeti kubwa hutawala kuanzia robo tatu. Kumisi kunakotokea daima katika ufunguzi uleule, kwa gia yoyote na kasi yoyote, kunaelekeza kwenye kabureta. Kumisi kunakofuata idadi ya mizunguko bila kujali ufunguzi kunaelekeza kwenye umeme.

Choki husaidia kuthibitisha. Ikifungwa nusu na injini ikatulia, mchanganyiko ulikuwa na upungufu wa mafuta: ama jeti imeziba bado, ama hewa inaingia kupitia mpira unaounganisha kabureta na silinda, ambao hukauka na kupasuka pikipiki ikikaa. Maji kidogo yakinyunyizwa juu ya mpira huo na mlio ukabadilika, ufa umepatikana. Choki ikizidisha kumisi, mafuta ni mengi, na chujio la hewa likaguliwe kabla ya kitu kingine.

Upande wa umeme una mtego mmoja. Kuitoa plagi, kuigusisha kwenye injini na kuona cheche si uthibitisho kwamba cheche hiyo hutokea ndani ya silinda, kwa kuwa hewa iliyogandamizwa ni ngumu zaidi kupenywa na umeme kuliko hewa ya nje. Koili dhaifu huonekana nzima mezani na kushindwa mlimani. Jaribio hilo, zaidi ya hayo, lisifanywe penye petroli iliyomwagika. Njia bora ni kuiwasha injini gizani na kuangalia waya wa plagi na kofia yake. Katika hewa yenye unyevu, umeme unaovuja huonekana kama nyuzi za buluu. Kumisi asubuhi ya mvua na kupona jua likitoka ni dalili ya uvujaji huohuo.

Kumisi kunakoanza baada ya kilomita kadhaa huchanganya zaidi, kwa sababu vyanzo viwili tofauti kabisa hufanana. Koili inayoshindwa kwa joto hukata, na hurudi ikipoa. Tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi likiziba kwa kutu, tangi hushindwa kuteremsha petroli, na injini hukata vilevile, na vilevile hurudi baada ya kusubiri. Tofauti hupatikana kwa kufungua kifuniko mara tu injini inapokata: ikiwaka hapohapo, koili haina kosa. Jaribio hili halina gharama, ilhali koili mpya ina gharama.

6.0 Mgandamizo

Injini iliyoachwa valvu moja ikiwa wazi huingiza unyevu hadi kwenye kikalio cha valvu, na kutu ya hapo huvujisha mgandamizo. Kosa hili haliponywi kwa kabureta wala kwa umeme. Kabla ya kulihukumu, mwanya wa valvu hupimwa injini ikiwa baridi, ambao katika pikipiki hizi ni sehemu ndogo sana ya milimita, mara nyingi kati ya 0.05 na 0.10, kufuatana na kitabu cha mtengenezaji. Mwanya ukiwa sawa na geji ikaonesha mgandamizo mdogo, kijiko kimoja cha chai cha oili hutiwa ndani ya silinda na kipimo hurudiwa. Kikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Kisipopanda, ni valvu, na kichwa cha silinda hakina budi kufunguliwa. Kipimo hiki hakihitaji injini kuwaka. Kinaweza kufanyika nyumbani kwa muuzaji, mbele yake, na gharama ya kufungua kichwa cha silinda ikaondolewa kwenye bei kabla fedha hazijahesabiwa.