Sauti ya Mteja na Ufanisi wa Biashara: Jibu la Msomaji Lina Uzito Gani?

Utangulizi

Anayeingia katika afisi nyingi za humu nchini hakosi kuona sanduku dogo lililoangikwa ukutani, limetiwa kufuli na kuandikwa neno moja: MAONI. Aghalabu kufuli lenyewe limeshika kutu, na vumbi lililotanda juu ya sanduku huashiria kwamba ni siku nyingi tangu mtu atie karatasi humo, au tangu mwenye ufunguo alifungue. Sanduku hilo linaibua swali ambalo makala haya yanadhamiria kulichunguza. Je, maneno ambayo wasomaji na wateja humrudishia mwenye biashara yana mchango wowote katika ufanisi wake, au ni pambo tu la ukutani?

Kuna makundi mawili ya wanaolijibu swali hili kwa haraka. Kundi la kwanza hushikilia methali isemayo kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maoni yao, bidhaa ikiwa nzuri itanunuliwa, hata kama wanunuzi hawasemi lolote. Kundi la pili hudai kwamba mteja ni mfalme, na kwa hivyo kila analotamka ni amri. Gazeti lisilopokea barua, kwa maoni ya kundi hili, ni gazeti lililokufa. Makala haya yanapendekeza msimamo wa tatu: kwamba jibu la mteja si kura ya kuhesabiwa bali ni ushahidi wa kupimwa. Biashara inayolihesabu bila kulipima hupotea, na ile inayolipuuza hupotea vilevile.

Ieleweke kwamba "jibu" humu lina maana pana. Ni barua kwa mhariri, lalamiko kwenye kaunta, simu inayopigwa kwa hasira, na hata shairi la kumjibu malenga mwingine gazetini.

Wasemao si wote

Kosa la kwanza linalowapata wenye biashara ni kudhani kwamba waliojibu wanawawakilisha walionyamaza. Mfano ulio bayana wa kosa hili unapatikana katika historia ya magazeti ya Marekani.

Jarida la Literary Digest lilijipatia sifa kubwa kwa kutabiri washindi wa chaguzi za urais kwa kutumia majibu ya watu yaliyotumwa kwa posta. Mwaka wa 1936, wakati Franklin Roosevelt aliposhindana na Alf Landon, jarida hilo lilituma kadi zaidi ya milioni 10. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi zikiwa zimejazwa. Ni wahariri wangapi duniani wamewahi kupata majibu mengi kiasi hicho? Kwa kutegemea wingi huo, jarida lilitangaza kwamba Landon angeshinda. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa amenyakua majimbo 46 kati ya 48. Jarida hilo, ambalo tayari lilikuwa limedhoofika, lilifedheheka, na kufikia mwaka wa 1938 lilikuwa limekoma kuchapishwa.

Lilikosea wapi? Kwanza, anwani nyingi zilitolewa katika orodha za wenye simu na magari, ilhali katika miaka hiyo ya dhiki ya uchumi vitu hivyo vilikuwa vya watu wenye uwezo. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, watafiti waliolichunguza tukio hilo baadaye walibainisha kwamba waliorudisha kadi hawakufanana na wale ambao hawakuzirudisha. Wapinzani wa Roosevelt walikuwa na ari kubwa zaidi ya kujibu, na wafuasi wake wengi walinyamaza wakangoja siku ya kura. Katika uchaguzi huo huo, George Gallup alimtaja mshindi halisi kwa kuwahoji watu wachache mno wakilinganishwa na wale milioni 2, kwa kuwa aliwateua kwa uangalifu ili wafanane na taifa zima.

Funzo lililopo ni kwamba wingi wa majibu si kipimo cha ukweli. Anayeshika kalamu kumwandikia mhariri huwa amesukumwa na jambo: amefurahi kupita kiasi, ameudhika kupita kiasi, au anapenda tu kuandika. Msomaji wa kawaida, anayenunua nakala yake kila asubuhi na kuisoma akiwa ndani ya matatu, hana sababu ya kuandika. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Walisema pia kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Anayelalamika bado hajahama

Iwapo majibu yanaweza kupotosha kiasi hicho, je, si afadhali kuyapuuza? La hasha. Mwanauchumi Albert Hirschman alitoa hoja nzito kuhusu jambo hili katika kitabu chake Exit, Voice, and Loyalty kilichochapishwa mwaka wa 1970. Alieleza kwamba mteja asiyeridhika huwa na njia mbili. Anaweza kuhama, yaani akanunua kwingine, au anaweza kusema, yaani akalalamika ili mambo yarekebishwe. Uaminifu wake kwa biashara ndio unaomfanya aseme kwanza kabla ya kuhama.

Fikra hii ilimjia Hirschman alipotafakari hali ya reli nchini Nigeria. Karanga zilizolimwa kaskazini mwa nchi hiyo zilisafirishwa takriban maili 800 hadi bandari za Lagos na Port Harcourt. Kwa safari ndefu na mzigo mzito namna hiyo, mtu angetarajia reli iyashinde malori. Kinyume na matarajio hayo, malori ndiyo yaliyostawi, na shirika la reli likaendelea kuzorota bila kujirekebisha. Hirschman alitambua kwamba kuwepo kwa malori kuliwapa wateja njia rahisi ya kuhama. Walioathirika zaidi, ambao ndio wangepiga kelele hadi mambo yanyooke, waliondoka kimyakimya na mizigo yao. Kwa kuwa shirika lilitegemea serikali kulijazia pengo la fedha, kuhama kwao hakukuliuma vya kutosha. Likakosa wateja na likakosa pia walalamikaji.

Hoja hii inaupindua mtazamo wetu kuhusu lalamiko. Mama anayerudi kibandani kumwambia mwuzaji kwamba unga wa juzi ulikuwa na wadudu hajawa adui. Angekuwa ameamua kuachana na kibanda hicho, angevuka barabara akanunue kwa jirani na asiseme neno. Amerudi kwa sababu bado anataka kununua hapo. Isitoshe, amebeba habari ambayo mwuzaji hangeipata kwingine, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana husemwa kwamba biashara haigombi. Mwuzaji anayegombana na mlalamikaji anawafunza wengine kunyamaza, na mteja aliyefunzwa kunyamaza hana njia nyingine iliyobaki ila kuhama.

Kauli na vitendo

Hata hivyo, ushahidi wa mteja haukomei kwenye maneno yake. Mifano miwili itatusaidia kulifafanua jambo hili.

Tarehe 23 Aprili 1985, kampuni ya Coca-Cola ilitangaza kwamba imebadilisha ladha ya soda yake. Kampuni ilikuwa imewaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi wao wakaipendelea ladha mpya. Baada ya tangazo hilo, simu za wateja zilizokuwa zikipokelewa zilipanda kutoka takriban 400 hadi 1,500 kwa siku, nyingi zikiwa za malalamiko. Baada ya siku 79, tarehe 11 Julai, kampuni ilitangaza kuirejesha ladha ya zamani. Ukilinganisha idadi, waliopiga simu kila siku walikuwa wachache mbele ya wale 200,000 walioonja. Walichokuwa nacho ni ushahidi ambao zoezi la kuonja halikuutafuta. Walioonjeshwa waliulizwa ni kinywaji kipi kitamu zaidi. Hawakuulizwa wangejisikia vipi iwapo kinywaji walichokulia nacho kingeondolewa kabisa.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Mwezi Oktoba mwaka wa 2005, majaribio ya M-Pesa yalianza miongoni mwa wateja wachache wa asasi moja ya mikopo midogo. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Wateja wale walifanya mambo ambayo hayakuwa yamepangwa. Baadhi yao walilipiana mikopo, wengine walilipana wao kwa wao katika biashara zao, na wengine waliziweka fedha katika simu kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Wenye mradi waliyasoma matendo haya, wakauacha mpango wa mikopo, na huduma ilipozinduliwa rasmi nchini Kenya mwezi Machi mwaka wa 2007, ilijengwa juu ya wazo la kutuma pesa nyumbani. Wateja wale hawakuhitaji kuandika barua ndefu, kwani matumizi yao yenyewe yalikuwa jibu.

Kwa hivyo, mwenye biashara ana majibu ya aina mbili, kauli na vitendo, na hana budi kuyasoma kwa pamoja. Kauli humweleza kwa nini mteja ameridhika au ameudhika. Vitendo humweleza ni wangapi na kwa kiasi gani. Anayetegemea kauli peke yake anajitia katika hatari ya Literary Digest, na anayetegemea hesabu peke yake atashtukia wateja wamehama kabla hajajua sababu.

Ushahidi wa magazeti ya Kiswahili

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitafakari suala hili, kwa maana magazeti ya lugha yetu yamelelewa kwa majibu ya wasomaji. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa na serikali mjini Dar es Salaam mwaka wa 1923, lilitoa nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji wake, na miongoni mwa waliochapishiwa tungo humo ni Shaaban Robert. Nchini Kenya, gazeti la Baraza lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1939 lilichapisha barua za wasomaji. Taifa, lililoanza kama gazeti la kila wiki mwaka wa 1958 na kuwa la kila siku mwaka wa 1960 kwa jina la Taifa Leo, nalo limewapa malenga na waandishi wa barua uga wa kujibizana.

Faida ya kurasa hizo kibiashara si vigumu kuiona. Aliyetuma shairi hununua nakala ili aone kama limetoka. Likitoka, huwaonyesha jamaa na marafiki. Likijibiwa na malenga mwingine, wasomaji hungoja toleo lijalo waone nani atamzidi mwenzake. Hivyo jibu moja huzaa jingine, na msomaji wa siku moja hugeuka kuwa mwenyeji wa gazeti.

Lakini tusitie chumvi. Gazeti huishi kwa fedha za mauzo na za matangazo, na barua hazilipi karatasi wala wino. Baraza lilikuwa na barua zake na leo halipo tena, ilhali Taifa Leo bado linachapishwa. Ingekuwa barua peke yake ndizo zinazoamua uhai wa gazeti, yote mawili yangalikuwepo. Tunachoweza kukiri bila kusita ni kwamba barua humjenga msomaji mwaminifu, na msomaji wa namna hiyo ndiye atakayesema kabla ya kuhama. Hiyo ni akiba ya thamani kubwa, ingawa haiwezi kuchukua mahali pa mtaji.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majibu ya wasomaji na wateja yana umuhimu katika ufanisi wa biashara, ila umuhimu wenyewe hautokani na wingi wao. Mwenye biashara, awe mhariri au mwuza mboga, yampasa ajiulize maswali matatu kila apokeapo jibu. Kwanza, ni nani hawa waliosema, na ni nani walionyamaza? Pili, wanajua nini ambacho mimi sikijui? Tatu, je, matendo yao yanaafikiana na maneno yao?

Baada ya kujiuliza hayo, kuna jambo la nne ambalo ni la kutenda: kujibu. Mteja aliyetoa ushahidi wake akaona kwamba umesababisha badiliko, hata dogo, atautoa tena. Asipoona dalili yoyote kwamba alisikika, hatarudia. Hapo mwenye biashara atabaki na kimya, na asiyejua kusoma kimya huenda akakidhania kuwa ni ridhaa. Basi lile sanduku la ukutani, mpenzi msomaji, ni heri lisiwepo kuliko liwepo bila kufunguliwa, kwa sababu kila apitaye na kuiona kutu ile huwa amekwisha kuambiwa kwamba hakuna anayemsikiliza.